Simu za Jumapili za Baba Opicho

Kitu cha kwanza kilichomtia Muhonja wasiwasi ni kiwi. Mumewe, Zedekiah Simiyu, alifanya kazi katika kiwanda cha magodoro huko Baba Dogo, na kila Jumapili wakitoka kanisani alikuwa akivua viatu mlangoni, anavaa akala zake, anajilaza kwenye kochi na redio kifuani mpaka jioni. Ndivyo alivyokuwa tangu wahamie mtaa wa Lucky Summer. Sasa alikuwa akila chakula cha mchana upesi upesi, anakaa kwenye stuli nje ya mlango, anavipiga viatu kiwi mpaka vinang'aa, kisha anasema, "Naenda kunyoosha miguu kidogo."

"Miguu imekunjwa na nani?" Muhonja alimuuliza siku moja.

Zedekiah alicheka tu, akaenda.

Muhonja aliuza mboga za kienyeji sokoni Kariobangi, na wenzake walimjua kama mtu asiyedanganyika. Ukimwambia kunde zimechumwa asubuhi, ataligeuza fungu, atavunja shina na kunusa, ndipo akujibu. Basi akaanza kumnusa mumewe hivyo hivyo. Jumatatu, kabla ya kuloweka nguo, aliinua shati la jana akalinusa kola na makwapa. Jasho. Sabuni ya kipande. Hakuna manukato, hakuna unywele, hakuna doa. Kutopata kitu kulimtia shaka zaidi. Mwanamume asiye na kosa, aliwaza, huchafuka hapa na pale. Anayerudi safi namna hii ndiye wa kuangaliwa.

Halafu jioni moja, Muhonja akichambua mrenda, Zedekiah akamuuliza bila kumtazama, "Hivi, wakati ulikuwa mjamzito na chakula kinakukataa, ulikuwa unafanyaje?"

Mkono wa Muhonja ulisimama juu ya karai. "Kwa nini unauliza?"

"Nimekumbuka tu."

"Nilikuwa nalamba limau na chumvi," alisema polepole. "Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani."

"Limau na chumvi," Zedekiah alirudia, kama mtu anayetumwa dukani na hataki kusahau.

Usingizi ulimpaa Muhonja. Alikuwa amebeba mimba mara mbili tu maishani. Opicho, wa pili, alikuwa shule ya bweni Bungoma. Wa kwanza alikuwa Millicent, na jina la Millicent halikutajwa tena katika nyumba hiyo. Wapangaji wote wa ploti walikuwa wakimwita Mama Milly, mpaka siku ile Millicent alipoletwa nyumbani kutoka chuo cha ukarani na gari jeupe ambalo mama hakulijua. Muhonja alitamka mbele ya majirani kwamba hakuzaa msichana wa kubebwa na magari ya wazee, akalitupa sanduku la nguo uani. Millicent aliokota nguo zake moja moja, akaenda Eldoret kwa shangazi yake Asenath, dada ya Zedekiah. Tangu hapo Muhonja aliwaambia majirani, "Mimi ni Mama Opicho." Wakazoea.

Na sasa mumewe, aliyekaribia kumaliza miaka hamsini, alikuwa anauliza habari za kutapika kwa wajawazito.

Jecinta, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeleta lililobaki. Alikuja kuazima mchi, akaushika mkononi bila kuondoka.

"Mama Opicho, sitaki kuvunja nyumba ya mtu."

"Ukianza hivyo umeshaivunja. Sema."

"Nimemwona baba watoto pale kwenye kibanda cha simu, karibu na steji ya Baba Dogo. Anapanga foleni na vijana. Nimemwona Jumapili mbili sasa. Akishika simu, wacha, anacheka mpaka anajipangusa macho."

Muhonja alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho Zedekiah alicheka mpaka akajipangusa macho. Hakukumbuka. Hilo lilimuuma kuliko ile simu yenyewe.

Jumapili iliyofuata alimwacha mumewe aende, akahesabu muda wa kumaliza kikombe cha chai, akajitanda leso mpaka kwenye nyusi, akafuata. Barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka makanisani, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Zedekiah alikuwa tayari ndani ya kibanda cha simu, mlango wake ukiwa umeng'oka zamani. Muhonja alisimama ubavuni, nyuma ya mwanamke mnene aliyebeba mtoto, mahali ambapo angesikia bila kuonekana.

"Umekula?" Zedekiah alikuwa akisema. "Hata uji? Sasa nisikize. Usiinue ndoo. Tafuta mtu akuchotee maji... Hapana, limau na chumvi, nimekwambia. Kabla hujainuka kitandani. Nimeuliza mtu anayejua."

Muhonja alisogea hatua moja mbele. Dawa yake mwenyewe! Ile aliyoachiwa na mama yake kule Maragoli ilikuwa inapitishwa kwenye waya kumponya mwanamke mwingine.

"Yeye hajui lolote," Zedekiah aliendelea, sauti ikashuka. "Nimekuahidi. Kwangu halitatoka."

Muhonja hakujua alivyompita yule mwanamke mnene. Alisikia kijana mmoja akilalamika, "Mathe, fuata laini bana!" na tayari mkono wake ulikuwa umeunyakua mkono wa simu kutoka sikioni mwa mumewe. Zedekiah aligeuka, akawa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Wewe mwanamke!" Muhonja alifoka kwenye simu. "Mimi ndiye mwenye huyu mume. Wewe ni nani, na unamtakia nini?"

Upande wa pili alisikia pumzi, na mbali kidogo mtu akiagiza mkate na kiberiti, kama dukani. Alikuwa ameandaa matusi tangu Jumatatu, na yote yalikuwa mdomoni yakingoja zamu.

"Mama?" ile sauti ikasema.

Kisha simu ikakatika.

Waliiacha foleni mbali, wakawa wanatembea kando ya ukuta mrefu wa viwanda ambako Jumapili hapakuwa na mtu. Hapo Muhonja alisimama.

"Ana mimba ya nani?"

Zedekiah alimtazama kwa mshangao. "Hilo ndilo swali la kwanza?"

"Ndilo la kwanza. Ya nani?"

"Ya mume wake. Anaitwa Munene, fundi wa redio hapo Eldoret. Ni kijana mtulivu."

"Mume? Nani alimwoza?"

Zedekiah alitazama viatu vyake. "Mimi. Na Asenath. Wazee wa kijana walikuja, tukakaa nyumbani kwa Asenath, tukaongea."

"Lini?"

"Wakati wa Pasaka."

Muhonja alirudisha mawazo nyuma mpaka Pasaka. "Pasaka ulikwenda Siaya. Ulienda kumzika Aloo, mwenzako wa kiwandani."

Zedekiah alianza kuokota uzi kwenye mkono wa shati lake.

"Baba Opicho, Aloo alikufa ama hakufa?"

"Aloo ni mzima. Ijumaa tumekula naye githeri."

Muhonja alikaa juu ya kalvati. Alikuwa amemwombea Aloo. Alikuwa amesimama mbele ya kikundi cha akina mama kanisani akaomba kwa machozi Mungu amfariji mjane wake, na wenzake wakaitikia amina.

"Na wakwe walipouliza mama wa msichana yuko wapi, uliwaambia nini?"

"Kwamba wewe ni mgonjwa."

"Kwa hiyo kwa safari moja ulimuua Aloo na mimi ukaniuguza."

"Ningefanyaje?" Zedekiah alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Alisema nikikwambia atahama, na mimi pia sitajua aliko. Mtoto wangu alitupwa nje kwa sababu ya gari, Mama Opicho. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na sikusema kitu. Nikasema basi, angalau nimsikie sauti. Mtu anaweza kusikia sauti ya mtoto wake."

"Nilijua," Muhonja alisema. "Nilijua kuna kitu."

Alingoja ile raha ya kujua aliyozoea kuisikia sokoni anapomnasa mwongo. Haikuja. Yule mwanamke wa kuangushwa chini hakuwepo. Palikuwa na watu wake wawili tu, waliokuwa wakicheka pamoja kwa siri, na ili wacheke ilibidi yeye asiwepo.

Siku zilizofuata alipika, akapakua, akafua. Kila kitu alichoambiwa na mumewe tangu waoane alikichukua tena akakigeuza kama fungu la kunde. Ile wiki ya ovataimu, ilikuwa ovataimu kweli? Yule binamu aliyelala kwao, ni binamu wa upande gani? Hata Jecinta hakumwacha.

"Wewe ulijua ni Milly?" alimuuliza pale kwenye mfereji.

"Mimi? Si mimi ndiye nilikuja kukwambia?"

"Ndiyo maana nauliza."

Jecinta alikinga ndoo yake, akamtazama kwa huruma kidogo. "Mama Milly," alisema, na hakulisahihisha jina, "utamaliza watu wote. Halafu utabaki na nani wa kuuliza?"

Jumapili ilipofika, Zedekiah alikula taratibu, hakugusa kiwi, akabaki amekaa. Ni Muhonja aliyechukua leso.

"Si muda umefika? Twende."

Kwenye foleni walisimama wote wawili kama watu wanaongoja daktari. Zedekiah alipiga, akasalimia, akasema, "Kuna mtu hapa nami," kisha akampa mkewe simu na kurudi nyuma kidogo. Muhonja aliishika kwa mikono yote miwili.

"Millicent. Ni mimi."

"Najua. Unataka nini, mama?"

"Kukusalimia."

"Kunisalimia tu?"

"Ndiyo."

"Baba ndiye amekulazimisha? Ama unataka kujua mimba ni ya nani? Shangazi amekwambia kitu?"

Sauti ilikuwa ya Millicent, lakini maswali Muhonja aliyatambua. Yalikuwa yake, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule. Alijua pia kwamba jibu lolote atakalotoa lingegeuzwa na kunuswa.

"Hakuna aliyeniambia kitu," alisema.

"Lile gari lilikuwa la mwalimu wetu. Tulikuwa wasichana wanne, mvua imetukuta Pangani, akatushusha mmoja mmoja nyumbani. Wote wanne, mama. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu Lucky Summer ni mbali."

"Sikuuliza," Muhonja alisema.

"Hukuuliza."

"Nilikukosea, Milly. Ningeuliza kwanza."

Waya ulichakarisha. Muhonja alidhani simu imekatika tena, akaibana zaidi sikioni.

"Bado unatapika?" alijaribu.

"Imepungua." Kisha, kwa sauti iliyokuwa bado na tahadhari: "Ile limau imesaidia kidogo."

Hayo ndiyo yaliyosemwa siku hiyo. Jumapili nyingine yalisemwa mengine machache. Kuna Jumapili Millicent hakwenda kabisa dukani kule Eldoret kungoja simu, na Muhonja akarudi nyumbani akiwaza kwamba amekomolewa, kumbe msichana alikuwa amevimba miguu. Pale kwenye foleni alianza kujua majina ya vijana, nao wakamzoea. Zedekiah alipocheka akizungumza na binti yake, Muhonja alijizuia kumuuliza anachekeshwa na nini. Wakati mwingine alishindwa, akauliza, na Zedekiah akamwambia. Hakuamini kila mara.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana, akaitwa Wangu, jina la mama yake Munene kama ilivyo desturi ya watu wa upande wa baba. Muhonja alipanda basi akiwa na mtama, wimbi na mrenda uliokaushwa, akajiambia njia nzima kwamba hatatia neno kuhusu jina, nyumba, wala mtu yeyote atakayemkuta humo. Munene alimpokea stendi, akamwita mama, akabeba mizigo yote. Kweli alikuwa kijana mtulivu. Muhonja alimtazama kwa pembe ya jicho mpaka wakafika.

Millicent alimpa mtoto ambebe, lakini hakuenda mbali. Muhonja alipomwosha Wangu kwenye beseni, Millicent alisimama mlangoni amekunja mikono, akitazama kila kidole. Alipomlaza alikuja nyuma yake akarekebisha blanketi lililokuwa sawa. Akitaka kwenda kuanika nepi, alimchukua mtoto kwanza, akaenda naye hadi kwenye kamba. Muhonja aliona yote hayo. Alisonga ugali wa wimbi, akaosha vyombo, akangoja, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Siku ya mwisho, mizigo yake ikiwa tayari karibu na mlango, alikuwa amekaa kitandani na Wangu mapajani. Millicent alitafuta kitu juu ya rafu, akakikosa, akajishika kiuno.

"Sabuni ya mtoto imeisha," alisema.

"Nikanunue?" Muhonja aliuliza, akianza kuinuka.

Millicent alimtazama mama yake, akamtazama na mtoto. Akafikiri. Kisha akavuta kanga yake kwenye msumari.

"Kaa tu, mama. Hata duka hulijui. Sitachelewa."

Muhonja alisikia ndara zake zikivuka ua, halafu geti la mabati likafunguliwa na kufungwa. Nyumba ikawa kimya. Alimsogeza mtoto karibu na kifua, akaketi wima kabisa, asithubutu hata kubadilisha mkono.