Matundu Kumi na Saba

Nilipofungua sanduku asubuhi ile ya Jumamosi, kilichonifikia kwanza ni harufu ya sabuni. Nilibaki nimeshika kifuniko, na kwa kitambo akili yangu ikakataa kupokea kile ambacho macho yalikuwa yakikiona. Joho langu lilikuwa limekunjwa mara nne, sawasawa, kama shuka la hospitali. Limefuliwa. Limetiwa wanga. Limepigwa pasi hadi mikunjo yake ikasimama kama kingo za rula.

Nililitandaza kitandani nikayatafuta matundu yangu. Yalikuwa kumi na saba, na nilijua mahali pa kila moja jinsi mtu ajuavyo ngazi za nyumbani kwao. Sikuliona hata moja.

"Umeliona?" Mama alikuwa amesimama mlangoni, miwani juu ya paji la uso, subana lake la kukinga sindano bado kidoleni. "Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua, Mama."

"Siku mbili, Profesa! Jana na juzi, wewe uko ofisini, mimi nimeinama hapa mpaka shingo imenigomea. Hao waliokuuzia wamekuona huna macho. Kitambaa kizuri vile, kimechomwa, kimesuguliwa, kina madoa ya chai! Nikasema, mwanangu hasimami mbele za watu na tambara. Labda niwe nimekufa."

Profesa ni jina alilonibandika tangu nilipopata shahada ya historia, na alilitumia kwa fahari au kwa kejeli kutegemea siku ilivyoamka. Shahada hiyo ilikuwa imenipatia meza katika ofisi ya kumbukumbu ya chuo kimoja, ambako kwa miaka sita nilipanga majalada. Mama yeye hakuwa na shahada; alikuwa na sindano. Watu walimletea suruali zilizonaswa na misumari na magauni yaliyoungua kwa pasi, naye aliyatililia, yaani aliufuma uzi ndani ya uzi mpaka jeraha likafunga. Alikuwa akitamba kwamba tundu lililopita mikononi mwake, hata mwenye nguo hulisahau.

Sasa, joho lile halikuwa limenunuliwa. Nililishona mwenyewe kwa wiki mbili, kisha nikatumia wiki tano kuliharibu. Ndiyo kazi yenyewe. Katika sanaa ya kuvaa uhusika, ambayo vijana huiita kosplei, vazi halina budi kusema mvaaji wake ametoka wapi, na mhusika wangu alikuwa mlinzi wa mnara aliyesahauliwa na jeshi lake kwa miaka arobaini. Nililisugua kwa msasa mahali ambapo mkuki ungeegemea bega. Nililichovya katika chai. Niliunguza pindo kwa ncha ya mshumaa, tundu baada ya tundu, nikijiuliza kila mara cheche ile ingetokea wapi.

Yote hayo niliyafanya uani kwa rafiki, mbali na nyumbani, kwa kuwa niliona haya Mama aone nikichana kitambaa kizima. Jumatano nilileta sanduku nikalisukuma chini ya kitanda bila neno. Kosa lilikuwa hapo, nalo lilikuwa langu.

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini alikuwa akinitazama kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shuleni, nami nikasikia sauti yangu ikisema, "Ahsante, Mama. Mungu akuweke." Kisha nikajifungia bafuni na kipande cha msasa. Nilikiweka juu ya bega la joho, mahali ambapo mkono wake ulikuwa umepita, nikahesabu moja, mbili, tatu. Mkono wangu ulikataa.

Shindano la kosplei nililolishonea joho lilianza saa tano siku hiyohiyo. Ukumbi ulijaa mabawa ya sponji, panga za mbao na watu waliopakwa rangi ya fedha wakinywa soda kwa mirija ili wasiharibu midomo. Mshindi angepewa kazi ya mwaka mzima katika karakana ya mavazi ya jumba la maigizo. Nisiposhinda, ningerudi Jumatatu kwenye majalada. Sharti kuu lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: kila mshono uwe wa mkono wa mshiriki mwenyewe. Msaidizi aliruhusiwa kubeba, si kushona. Mama alinibebea kofia ya chuma, akiwa amevaa gauni lake la harusi za watu.

"Yule pale kavaa nini, mjusi?" alininong'oneza.

"Ni malkia wa majini, Mama."

"Basi malkia huyo kwapa limefumuka."

Jaji alikuwa Mkuu wa Mavazi wa jumba lile, mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni. Alisoma kadi yangu, akanitazama, akaisoma tena.

"Miaka arobaini mnarani," alisema. "Mvua, jua, moto. Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndiyo."

"Binti, joho hili limetoka kabatini leo. Vumbi liko wapi? Uchakavu uko wapi? Silaha zako zina mikwaruzo, uso umechoka, halafu mgongoni umebeba nguo ya sikukuu."

Nyuma yangu nilisikia kofia ikigonga kitu. Sikugeuka. Nilijua kwamba kila neno lilikuwa likimwingia Mama.

Jaji alishika pindo aligeuze tu kwa desturi, kama wanavyofanya majaji wote, waone upande wa ndani. Kidole chake kikasimama. Akavaa miwani. Akalipeleka joho dirishani nami nikiwa ndani yake, nikirudi kinyumenyume kama punda.

"Hapa palikuwa na tundu," alisema polepole. "Na hapa. Na hapa. Uzi umechomolewa ndani ya pindo lenyewe, rangi isitofautiane. Nina miaka thelathini katika kazi hii na sina fundi wa kufanya hivi." Alinitazama usoni. "Nani ametililia?"

"Mimi," nilisema.

Halikuwa neno nililolichagua. Lilikuwa limeshatoka, laini, bila kukwama popote, na nikasimama nikilisikiliza kana kwamba limesemwa na mtu mwingine. Nilimgeukia Mama. Uso wake haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira ningevumilia. Alitazama sakafu, akalifunika subana, ambalo alikuwa amesahau kulivua, kwa mkono wa pili.

"Ana mkono mwepesi, huyu," alimwambia jaji. "Tangu mdogo."

Mama huyuhuyu aliwahi kumfukuza mteja aliyesema kazi ya mikono yake ilifanywa na mashine.

"Si kweli," nikasema. "Ni Mama yangu. Mimi niliyatoboa, yeye akayaziba. Mimi sijui hata alianzia wapi."

Jaji alichukua kalamu, akaonyesha tangazo la mlangoni kwa kidevu, akapiga mstari juu ya jina langu. Alifanya hivyo kwa heshima, lakini alipiga.

"Pole," alisema. Na kwa Mama: "Shikamoo, fundi." Hawakupishana sana kwa umri.

Mama alitoka mbele yangu kwa hatua za haraka, kofia kwapani, hadi kwenye ngazi za nje, akaketi.

"Wiki ngapi ulilichakaza?"

"Tano."

"Tano!" Akashika kichwa. "Na asubuhi ukaniambia ahsante?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Nifurahie nguo, mimi, au nikufurahie wewe?" Sauti yake ilipasuka katikati. "Mwaka mzima wa kazi, mtoto we! Ungesema neno moja tu. Ningelichana hili joho mimi mwenyewe, kwa meno, vipande vipande, pale pale kitandani!"

Nikaketi kando yake. Nilimwamini.