Viatu Vyeupe vya Shemeji

Mpiga besi akipiga vizuri, hakuna anayemwona. Akikosea, ukumbi mzima unageuza shingo. Nguzo alilijua hilo tangu ujanani, na sasa lilikuwa limemchosha. Vidole havikuwa na shida. Kilichomchosha ni kulichunga kosa moja lisitokee, kila Jumamosi, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Wenzake walimwita Nguzo kwa sababu tangu bendi ilipoanzishwa alisimama mahali pamoja, ubavuni mwa dramu. Mahali hapo ndipo palipomuua masikio. Mpiga dramu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole ambaye mikono yake haikuwa na upole wowote ikishapata matoazi. Sikio lililoelekea huko lilianza kufa, la pili likalifuata taratibu kama mtu anayeaga kwa adabu. Nyumbani alijikongoja kwa kutazama midomo ya watu, na mkewe, ambaye sauti yake haikuwahi kuwa ndogo, alidhani ameolewa na mbishi. Jukwaani Nguzo alibaki na mvumo tu, kama gari kubwa linalopita mtaa wa pili.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mpiga besi asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja: huenda chakula kikawa kitamu, lakini nani atakubali kukaa mezani?

Nyimbo zenyewe hazikumpa taabu, vidole vilizijua kuliko yeye. Taabu ilikuwa kukata. Bendi yao ilisifika kwa jambo hilo: wimbo umechanganya, watu wametoka jasho, halafu ghafla vyombo vyote vinanyamaza kwa pamoja, na Kapteni, kiongozi wao, anabaki akiimba peke yake kabla vyombo havijarudi. Watu walipagawa. Shida ni kwamba haikupangwa wapi pa kukata. Ilitegemea uwanja umechangamka vipi, na ishara aliitoa mpiga dramu kwa mlio wake. Wengine waliisikia. Nguzo aliitazama mguuni.

Kwa hili alijiona ana bahati, maana shemeji yake alikuwa na ushamba mmoja usiotibika. Bendi nzima ilivaa suti nyeusi na viatu vyeusi, yeye akavaa viatu vyeupe pee. Walimwita muuza maziwa. Kapteni alimgombeza hadi akachoka. Jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba miguu yake ina sugu na hakuna viatu vingine vinavyomfaa. Basi, hata taa zikififia vipi, Nguzo alikiona kile kiatu cha kulia kikipanda na kushuka. Kabla ya kukata kilipanda juu zaidi, kikaning'inia kidogo. Kikitua tu, Nguzo naye anabana nyuzi. Alijisifu moyoni kwa ujanja huo. Mjinga akierevuka, alijiambia, mwerevu yuko mashakani.

Si kwamba zamani hawakukosea. Walikosea sana, na kwa raha zao. Kuna siku walipiga wimbo wa kuaga marehemu kwenye sherehe ya kumstaafisha bosi mmoja, na bosi akalia kwa furaha, akaomba urudiwe. Kuna siku Kapteni alimpongeza bibi harusi kwa jina la bibi harusi wa wiki iliyotangulia, na mama mkwe akataka aelezwe huyo mwingine ni nani. Na kuna alasiri ile umeme ulipokatika katikati ya wimbo. Magita yalikufa, feni zikasimama, vyombo vikanyamaza isipokuwa dramu, na mpiga dramu akazitwanga dramu zake kama mtu aliyepandwa na mashetani, watu wote wakamkodolea macho, mpaka umeme ukarudi. Kapteni alisema ule ni ushamba wa kujionyesha. Nguzo mwenyewe alimtania shemeji yake kwa muda mrefu kwa ajili ya siku hiyo.

Makosa ya siku hizo yalikuwa ya wote, na waliyacheka pamoja juu ya vikombe vya chai. Siku hizi kosa lilikuwa la Nguzo peke yake, na hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyopita taa ya upande wa dramu iliungua, akakiona kiatu kwa kuchelewa, besi ikaropoka baada ya wenzake kunyamaza. Kapteni hakumkaripia. Alimshika bega, akasema ikitokea tena itabidi wakae wazungumze. Nguzo alijua mazungumzo hayo yanahusu nini. Kulikuwa na kijana fundi wa besi aliyekuwa akija mazoezini, anakaa nyuma, anasikiliza.

Leo alipoingia ukumbini akiwa amebeba gita lake, alisimama palepale mlangoni. Mpambaji alikuwa amezungushia jukwaa la dramu kitambaa kirefu, na mbele yake akapanga maua kama bustani. Nguzo alimwomba kwa heshima akishushe kidogo. Mpambaji, pini mdomoni, alimjibu kwamba vyuma vile vinaharibu picha za maharusi, na kama ana sababu ya maana aiseme. Sababu ya maana alikuwa nayo. Aliimeza, akaenda kuunganisha nyaya zake.

Nyimbo za mwanzo zilipita salama. Jasho lilimtoka la bure, maana zilikuwa nyimbo za watu kukaa na kutazama tu, zisizo na kukata. Kisha Kapteni akageuka, akainua kidole, na Nguzo akajua wimbo gani unakuja. Akatazama kwenye dramu. Aliona kichwa na mabega. Akautafuta uso, lakini uso wa shemeji yake haukuwahi kusema kitu, alipiga dramu kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani kwenye foleni. Nguzo akapiga huku akiomba Mungu.

Kimya hakukisikia, alikiona. Aliwaona wachezaji wamesimama mikono juu, kisha mmoja mmoja wakigeuka upande wake. Aliona shangazi wa bwana harusi ameziba mdomo. Aliona Kapteni akiimba huku macho yake yametua juu ya vidole vya Nguzo, vidole ambavyo bado vilikuwa vinapiga. Akavisimamisha. Kapteni akasema kitu kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukacheka, na Nguzo akacheka pia, ingawa hakujua anacheka nini. Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Chakula kilipoanza kugawiwa alitoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye ujia uliojaa viti vibovu, akaanza kulifunga gita kwenye mfuko wake. Shemeji akamfuata na vikombe viwili vya chai. Hakukaa pembeni yake. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso, kama alivyozoea kukaa siku zote.

"Kuna awamu ya pili, shemeji," akasema.

"Nimechoka. Kapteni amlete yule kijana, ni haki yake." Nguzo alivuta zipu ikakwama, akaiacha. "Mimi sisikii, shemeji. Sisikii kitu. Ni zamani sasa."

Lilikuwa limetoka, na ujia haukuanguka. Shemeji alikunywa chai yake bila haraka. Kisha akanyoosha mguu wa kulia, kile kiatu cheupe kikawa katikati yao.

"Kwani unadhani mimi ni muuza maziwa?" akauliza.

Nguzo alikitazama kiatu.

"Nani alikwambia?"

"Siku ile umeme ulipokatika. Gita limekufa, wenzetu wameacha, wewe unapiga tu huku unatabasamu. Nikaona wakigeuka watakuona. Nikafanya fujo ili wanitazame mimi."

Nguzo alitaka kukasirika, akakosa pa kuishika hasira. Ujanja wake wote aliojisifia, kumbe alikuwa amebebwa mgongoni kama mtoto, na aliyembeba ndiye aliyekula matusi kwa ajili yake. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Shemeji akageukia viti vibovu, akavitazama kana kwamba anataka kuvinunua, hadi mwenzake akamaliza.

Kapteni alipotokea mlangoni na uso wa mtu mwenye neno zito, Nguzo hakumsubiri. Alimwambia mwenyewe, yote, na mambo ya viatu akayasema pia. Akaomba jambo moja: kijana aanze Jumamosi ijayo, leo yeye amalizie. Kapteni aliviangalia vile viatu alivyovigombeza kwa miaka. Midomo yake ilicheza, lakini Nguzo hakuona neno lolote juu yake. Mwishowe alilichukua gita, akaifungua ile zipu iliyokwama, akamrudishia.

Awamu ya pili wageni hawakumwona mpiga besi. Alikuwa nyuma ya kitambaa na maua, amekaa juu ya jukwaa la dramu, amevua viatu, nyayo zake juu ya mbao. Dramu kubwa ilipopigwa aliipata miguuni, ikapanda hadi kifuani. Wimbo ulipochanganya hakutazama popote, alifumba macho. Mbao zilitetemeka, zikatetemeka, kisha zikatulia. Naye akatulia papo hapo. Alipofumbua macho, kwenye mwanya wa kitambaa aliuona ukumbi mikono juu, vinywa wazi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Shughuli ilipokwisha na wageni wakawa wanatoka, shemeji yake aliinama pale nyuma ya maua, akafungua kamba za viatu vyeupe, akavivua kimoja baada ya kingine, akavisukuma kando kwa kidole cha mguu. Miguu yake ilikuwa na alama nyekundu juu ya vidole. Akamgusa Nguzo gotini ili amtazame mdomoni.

"Shemeji," akasema, "hivi viatu vilikuwa vinanibana."