Bendera Zilizofuliwa

Emiliana hakuwahi kuona nguo imechanika akaiacha. Ndivyo alivyolelewa kule Mungaa, na kwenye pindo la kitenge chake haikukosekana sindano yenye uzi, iwe sokoni, iwe kanisani. Ukikutana naye kifungo chako kinaning'inia, shauri yako. Utasimamishwa njiani ushonwe ukiwa umevaa.

Kwa miaka tisa alimpikia Mzee Tashi, fundi wa visima kutoka Nepali. Kampuni iliyomleta Singida kuchimba maji iliondoka zamani, yeye akabaki. Mzee alikuwa Mbudha, na wa dini hiyo mjini hapa alikuwa yeye na kivuli chake. Ukivuka mpaka wa kwao upande wa milimani kuna mlima wa theluji uitwao Kailashi, na karibu yake ziwa. Mwenye msiba au nadhiri huenda kuvizunguka kwa miguu, mlima na ziwa vikiwa mkono wake wa kulia. Binti yake Dolma alipofukiwa na tetemeko la ardhi, Mzee alikuwa huku, kwenye mtambo. Habari ilipomfikia, mwili ulikuwa umekwisha kuchomwa kwa desturi yao. Akaapa kuuzunguka mlima ule kwa ajili ya binti yake. Mara vibali vikakwama, mara moyo wake ukaanza kumsumbua, daktari akamkataza kabisa kupanda huko juu.

Basi Mzee akafanya hija yake kwa alichokuwa nacho. Kila mwaka, mwezi mpevu wa Mei, alilizunguka Ziwa Kindai kwa miguu, kisha akapanda jabali lililo juu yake. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao.

Mwaka huu kaka yake alimtumia kamba ndefu ya bendera ndogondogo za rangi tano, zimepigwa chapa za sala, na kila moja imeandikwa jina la Dolma. Emiliana ndiye aliyemsaidia kuzipandisha. Mzee alizifunga kati ya mawe mawili, pumzi imemwishia hata asiweze kueleza lolote, akashuka ameegemea bega la mpishi wake. Hakupanda tena.

Emiliana alizielewa kwa akili yake. Kitambaa chenye jina la marehemu, kwake, kilikuwa nguo ya marehemu. Yeye mwenyewe alikuwa na shati la Nathan, mwanawe wa pekee, aliyekwenda Rungwa kurina asali, homa ikamuua, wakamzika huko huko kabla mama yake hajafika. Kilichorudi ni shati. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alilitoa sandukuni, akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha. Mwaka wa kumi na moja huo.

Kwa hiyo Julai, pepo za Singida zilipoanza kuvuma kwa fujo, alipanda jabalini kutazama. Akakuta bendera zinachanika pembeni. Moyo ukamuuma. Nguo ya mtoto wa watu inararuka hivi, kana kwamba nyumbani hakuna mwanamke? Akazifungua, akazifua kwa sabuni ya mche, akazikunja pindo moja moja na kuzishona mara mbili, akazipiga pasi ya mkaa. Akaziweka sandukuni juu ya shati la Nathan. Angemkabidhi Mzee ifikapo Mei, amfurahishe. Jamani, nani angemlaumu? Usilolijua ni usiku wa giza.

Septemba Mzee hakuweza tena kuinuka kitandani.

"Shikamoo, Mzee," Emiliana alimwamkia asubuhi moja, uji mkononi.

"Marahaba, Mama Nathan." Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado akimwita hivyo. Wengine waliliogopa jina la mtoto. "Nina ombi. Panda jabalini ukaniangalizie zile bendera. Nadhani sasa zimebaki nyuzi tu."

Emiliana alitabasamu. "Nyuzi? Mzee, bendera zako ninazo mimi. Nimezifua, nimezishona, ziko kama mpya."

 Mzee aligeuzia uso ukutani, na Emiliana akaona bega lake linatikisika. Alisimama pale na uji wake, hajui alichosema.

"Hukujua," Mzee alisema mwishowe. "Mimi ndiye sikukueleza. Upepo ndio unaozisoma, mama. Unapita, unachukua sala, unachukua na kitambaa, kidogokidogo. Zikiisha, ndipo sala zimefika. Nilikuwa nangoja ziishe kabla yangu."

Emiliana aliweka bakuli chini. Tangu Julai, miezi miwili ya upepo mzuri, na yeye ameifungia sala ya baba mzima sandukuni pamoja na dawa ya nondo. Aliona aibu hata ya kuomba msamaha.

"Nazirudisha leo," alisema. "Na ziwa nitalizunguka kwa niaba yako."

"Mkono wa kulia," Mzee alisema. "Na uende taratibu. Safari hii haikimbiliwi."

Emiliana akamwita jirani aketi na mgonjwa, akaondoka na kikapu. Kando ya ziwa alikutana na Paskali, katekista wa kanisani kwao. "Mama, umebadili dini?" Paskali alitania. "Nimeharibu kitu cha mtu," Emiliana alimjibu, "naenda kukitengeneza." Akaendelea, maji yakiwa kulia kwake, wala hakuharakisha, maana ndivyo alivyoagizwa.

Juu ya jabali alizifunga. Upepo ulikuja, bendera zikapepea, na hakuna hata uzi mmoja uliotoka. Mishono yake ilikuwa imara mno. Akaketi kwenye jiwe, akachomoa sindano kwenye kitenge, akaanza kufumua alichoshona, pindo kwa pindo, bendera kwa bendera, huku akilia. Jua lilikuwa limeegemea magharibi alipomaliza.

Alipofika nyumbani, jirani alikuwa mlangoni. Mzee alikuwa amefariki tangu saa nane.

Walimzika makaburi ya mjini, kwa kuwa hakuna aliyejua kumchoma ilivyompasa. Emiliana aliwapikia waombolezaji, akaosha vyombo vyote. Siku ya tatu alifungua sanduku, akatoa shati la Nathan, akapanda nalo jabalini. Akalifunga mwisho wa kamba ya Dolma, kwa mikono yote miwili ya shati, akashuka.

Novemba, siku ya marehemu, alirudi kutazama. Bendera za Dolma zilikuwa zimebaki vipande vichache. Kola ya shati ilikuwa imeachia upande mmoja, na kifungo cha juu kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Mkono wa Emiliana ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kitenge, ukaishika sindano. Akasimama hivyo muda mrefu. Kisha akaiachia humo humo, akaketi kwenye jiwe, akangoja upepo.