Mgebuka wa Mbalamwezi

...na huyu samaki, huyu mgebuka, anamtazama na jicho limezama ndani kama la mlevi wa asubuhi, Faustini kachuchumaa uani, kisu kakiinua, hakishuki, maana akimpasua tu harufu itatangulia barazani kabla ya ugali, na barazani kakaa Mzee Zefania, baba yake Klementina, mvuvi wa Kibirizi tangu enzi za Mwingereza, pua yake ile inasikia dagaa akiharibika ng'ambo kule Kongo, na leo ndiyo kaja kumwangalia mtu anayetaka kumchukua binti yake... "Si ulisema samaki wakisikia jina lako wanaruka wenyewe mtumbwini," Shangazi Yuliana anamwambia, anakoroga maharage ya mawese, hata hamtazami, na kweli alisema, kwenye shamba la ujamaa, jembe begani, kijiji kizima kinasikia, Jumapili mkwe wangu atakula mgebuka anayepiga chafya kwenye sahani, akaitaja Jumapili bila kuinua uso juu, yeye mtoto mzima wa ziwa, hakuuangalia mwezi, mwezi umejaa, ziwa jeupe kama mchana, samaki gani atafuata karabai na taa ya Mungu inawaka, mitumbwi yote imelala mchangani, Kibirizi nzima kumebaki huyu mmoja wa juzi, kamdaka kama kipa... basi pilipili, pilipili ya kumliza mzee mpaka asahau ana pua, mawese mpaka samaki aogelee tena, ndimu, majivu ya kuua harufu, vitunguu vya Mwandiga yote... hapana, mchuzi utamchongea kwa mzee, marehemu mama alisema samaki aliyechoka hachemshwi, mpasue, vya tumboni vyote vitupe, kichwa tupa, msugue chumvi na ndimu, mpe moshi mpaka nyama ijikaze, halafu mafuta yachemke hasa, mkaange mpaka alie kama ubao, na mama akimweka mezani alikuwa anasema wazi, huyu wa juzi, niambieni kama nimemfufua, wageni wanacheka, wanalamba vidole... "Mbalamwezi ya jana nzuri sana," sauti ya Mzee Zefania inapenya ukuta, "tumecheza bao mpaka tukachoka, hakuna aliyeingia ziwani," loo, anajua, na alijua tangu siku ile alipotajiwa Jumapili, si aliinua macho juu kidogo, akatabasamu, akasema sawa mwanangu tutakuja, mzee huyu hakufuata samaki, na Klementina alishamwambia kisimani, baba hamwogopi maskini, Faustini, anamwogopa mwongo... kumbe pilipili ndiyo ingemnyima mke, gunia zima la pilipili lisingefunika mwezi ule... "Unakata au hukati? Ugali unapoa." "Nakata, shangazi. Pilipili rudisha ndani." "Leo bila pilipili?" "Leo," na samaki atambeba mwenyewe mpaka barazani, kwa mikono yake, atapiga goti, shikamoo baba, mwezi ulinishinda, huyu ni wa juzi, ndivyo atakavyosema, hatameza hata neno moja, ila ataongeza, lazima aongeze, kwamba kuanzia hapa mpaka Bujumbura hajazaliwa mtu wa kumkaanga mgebuka wa juzi kama yeye, na hilo mzee ataliona kwa ulimi wake mwenyewe... kisu bado kiko juu, jicho la mgebuka bado limezama, na Faustini analitazama, halimtishi tena.