Mji Aliopewa Kalisti

Kitendawili! Kazikwa, hakuliliwa, akifukuliwa, nyumba nzima inacheka.

Usikimbilie kusema dhahabu. Hata Paskazia alisema dhahabu, jioni ile ya Januari 1949, kule Nyahanga, ungo ukiwa mapajani na mvua ikigonga nyasi za paa.

"Umekosa," alisema mumewe, Kalisti. "Nipe mji."

Ndivyo mchezo ulivyo. Aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akajifanya kaufikia, kala, kanywa, ndipo atoe jibu. Watu walizoea kutoa Tabora au Mwanza. Lakini mwaka ule Geita ilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na Paskazia hakuwaza mara mbili.

"Haya, chukua Geita."

"Nimeupata. Jibu nikirudi."

Asubuhi akaenda kweli, kwa miguu, pamoja na vijana waliokuwa wakifuata machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, huko Geita. Kabla ya kuondoka alifunga mlango wa ngitili kwa matawi ya miiba.

Ngitili, kwa asiyeijua, ni malisho yanayozungushiwa ua wakati wa mvua, yasiguswe na ng'ombe mpaka kiangazi kikaze. Kila ukoo ulikuwa na yake. Ya mzee Masele, baba yake Kalisti, ilikuwa na nguvu kuzidi zote. Nguvu za namna hiyo hazitawanyiki ovyo. Huchagua mahali zikatuama kama maji bondeni, na pale zilikuwa nzito. Hazikutunza nyasi peke yake, zilitunza na siku. Nje ikiwa Septemba, ndani bado masika. Ukipita kando ya ua ulisikia vicheko vya watoto waliokwisha kuwa wazee, na ulipata harufu ya maziwa ya ng'ombe ambao hata mafuvu yao hayapo tena. Bwana mifugo alipokuja kukagua malisho alinyeshewa humo. Akafungua daftari, akaandika mvua nusu inchi, akaazima ngozi ya mbuzi ajifunike.

Sharti lilikuwa moja tu. Aliyeifunga ndiye aifungue. Mkono mwingine ukigusa miiba, ndani mnakuta vumbi.

Mwezi wa sita ikaja barua ya kampuni ya machimbo. Onesmo, karani wa baraza, aliisoma mbele ya watu: Kalisti bin Masele ametoroka kazini.

Sasa, mtu akifa analiliwa. Mtoro haliliwi. Anasubiriwa na anasemwa. Paskazia hakujua kama ajifunge kitambaa cha msiba au atandike kitanda. Binti yake, Sikujua, akaanza kuitwa mtoto wa mtoro.

"Mama Sikujua," jirani yake Melania alimtania kisimani, "mumeo kanogewa na samaki wa Wazinza wa huko Geita!"

"Mwiba ukimkwama atarudi," alijibu Paskazia, akajitwika mtungi. Nyumbani alikaa na ungo mapajani mpaka jua likazama, hajamenya hata punje.

Septemba ikafika. Ng'ombe walisimama mbele ya ngitili, mbavu zinahesabika. Mzee Masele aliegemea fimbo yake, na hakuna aliyethubutu kugusa miiba.

Mnamo saa tisa mchana miiba ikavutwa kutoka ndani.

Alikuwa Kalisti. Alikuwa na tope jekundu mpaka kwenye kope, na kiunoni kipande cha kamba kilichokatika. Mvua ilimnyeshea lakini tope halikutoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umechelewa?"

"Shimo lilitufunika, baba. Tuko saba. Wakubwa walisema kutufukua ni kazi kubwa, wakachimba lingine pembeni."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Ng'ombe wakaingia wakala. Kalisti akawapisha, lakini yeye hakuvuka mlango. Huku nje kulikuwa na kiangazi, na kiangazi hakikuwa chake tena.

Paskazia alikwenda moja kwa moja barazani kumwita Onesmo. Karani akaja na karatasi, akamsalimia Kalisti, akaandika yote: shimo, watu saba, majina yao. Wino ulikuwa unachuruzika kwa mvua, ikabidi aandike akiwa nje huku Kalisti akisema akiwa ndani. Mwishoni Kalisti akabonyeza dole gumba. Alama ilitoka nyekundu, haikuhitaji wino.

Jibu la kampuni lilirudi baada ya wiki tatu. Onesmo alilisoma polepole: "Tumepokea. Kalisti bin Masele ni mtoro. Kwa kuwa mmekwisha kumwona, mleteni amalize mkataba wake."

"Waandikie tena," alisema Paskazia.

"Nitaandika, mama," alisema Onesmo. Akaandika. Aliandika kila mwaka mpaka akastaafu, na kila mwaka jibu lilikuwa lilelile.

Mzee Masele hakusubiri barua nyingine. Aliamuru msiba ukae palepale mlangoni mwa ngitili. Wanawake walilia siku tatu, Melania kwa sauti kubwa kuliko wote, na Kalisti alisikiliza kutoka ndani akiwakumbusha majina ya wale wenzake sita, wasisahauliwe.

Siku ya tatu watu walipotawanyika, Paskazia alibaki. Aliketi upande wa vumbi, ungo mapajani, Sikujua akilala kando yake. Mumewe alichuchumaa upande wa mvua. Kati yao kulikuwa na hatua moja.

"Mji nilikupa," alisema Paskazia.

"Ulinipa."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nikala, nikanywa."

"Basi leta jibu. Mwaka mzima kila mtu ananiambia dhahabu."

Kalisti alicheka, na tope likapasuka kidogo mashavuni. Alinyoosha mkono kwenye kiangazi, akachota punje mbili kutoka kwenye ungo.

"Ni njugu mawe tu, Mama Sikujua," alisema. "Ulikuwa unazimenya siku ile."