Uso wa Inshirah

Wagih hajafika nusu ya sahani yake ya maharage, simu ikalia mgahawani. Alikuwa dada yake, Tahani, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kaka, njoo uwanjani umwone mama. Wamempaka wanja!"

Aliacha mkate mezani. Sanamu ya mwanamke aliyejitwika mtungi ilisimama katika uwanja wa mji wao huko Delta ya Nile tangu ujana wa Wagih, na uso ule ulikuwa wa mama yao, Inshirah. Marehemu hakupigwa picha maishani. Akiona kamera alijifunika ushungi, akisema sura yake si ya kuzururishwa mifukoni mwa watu. Tahani aliachwa akinyonya. Alimjua mama kwa kutazama juu pale uwanjani. Wagih alimchonga mwaka ule ule aliozikwa, akiwa bado anamwona kila akifumba macho. Baada ya hapo hakujisumbua kumkumbuka. Jiwe lilimkumbukia.

Alichonga kama wale wa kale wa mahekalu: mikono ibanwe mwilini, jiwe libaki jiwe, asitokee mtu anayepunga hewani kama askari wa barabarani. Hakulisugua likang'aa. Aliacha alama za tindo mashavuni ili jua la asubuhi lipate pa kushika. Wenzake walimcheka kwa kuchagua jiwe la chokaa, laini, la rangi ya mkate. Alisema mawe magumu ni ya wafalme, na mama yake alikuwa mkulima.

Sasa mkulima huyo alikuwa na midomo myekundu, nyusi nyeusi tii na gauni la kijani cha milango ya ofisi. Mkuu wa mkoa alitarajiwa kupita, na baraza la mji lilikuwa na rangi ya mafuta iliyobaki. Akili hiyo ilikuwa ya Sabri, mkuu wa usafi na mapambo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Wagih na asiambulie kitu.

"Ustadh wangu!" Sabri alimpokea mikono wazi. "Umeona alivyochangamka? Alikuwa amepauka, masikini, kama mgonjwa."

"Sabri, huyo ni mama yangu."

"Ndiyo maana nikampendezesha! Wallahi nimesimamia mwenyewe."

"Umemfanya mwanasesere wa sukari wa maulidi! Kilichobaki ni watoto wamlambe."

Tahani alimvuta kando. "Kaka, rangi ni nguo tu. Mama yuko chini yake. Wakishasahau utaitoa taratibu, kwa pamba na subira zako. Usishindane nao."

Lilikuwa shauri jema, lakini mwambie mchongaji jambo jema uone. Wagih alitaka waaibike hadharani. Alipiga picha, akaitundika mtandaoni, akaliita baraza zima mafundi wa kupaka milango. Kufikia jioni Misri nzima ilikuwa inacheka. Walimwita Inshirah bibi harusi, wakamwita mwimbaji wa kilabu. Mwanamke aliyeikimbia kamera maisha yake yote alikuwa sasa kwenye simu za abiria wa treni mpaka Aswan, na mwanawe aliona huo ni ushindi.

Amri ikashuka kutoka juu: rangi itoke kabla mgeni hajafika. Sabri, aliyekaripiwa akakoma, hakumtafuta Wagih. Alituma vibarua wenye brashi za waya na tindikali ya kusafishia vyoo.

Jiwe la chokaa haliwezi tindikali. Wagih alipofika mbio, povu jeupe lilikuwa linachemka na kuteremka kifuani pa sanamu.

"Acheni! Mnamla! Mnamla mama yangu!"

"Tulia, haji," kibarua mmoja alimwambia kwa upole. "Si unaona rangi inatoka?"

Kweli ilikuwa inatoka. Ilitoka pamoja na pua, midomo na alama zote za tindo. Chini ya mtungi pakabaki kitu kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha.

Mkuu wa mkoa alipokuja, alisimama akaitazama, akampa Wagih mkono. "Hongera, ustadh. Hii ndiyo sanaa. Imefanana kabisa na kitu cha kale." Sabri akapiga makofi. Wagih akausikia ulimi wake mwenyewe ukisema, "Asante, bwana mkubwa." Hilo hakujisamehe.

Nyumbani Tahani hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alimwekea bonge la udongo mezani, akavuta kiti.

"Haya, mfinyange upya. Mimi sina ninachokumbuka. Wewe ulimwona."

Wagih alifumba macho akasubiri. Alifinyanga paji la uso, akalifuta. Pua ikaja, lakini ilikuwa ya Tahani, akaibonyeza. Kisha sura nzima ikamjia ghafla, wazi kabisa, na vidole vyake vikaikimbilia. Ilikuwa na nyusi nyeusi tii na midomo myekundu. Alijitahidi kutazama chini ya rangi ile, na hapakuwa na mtu.

"Umempata?" Tahani aliuliza.

"Bado kidogo," akajibu, akaendelea kuukanda udongo ili dada yake asiondoke kitini.