Bukari ya baba Gaëlle

Siku ya Mungu, kisha misa, Kasonde na bibi yake Adolphine balikuwa banaikala mbele ya nyumba yabo mu commune, mtaa yenye banaita Kenya, kila muntu na kazi yake: Adolphine iko anachambula majani ya sombe, Kasonde iko anaangalia vile bibi yake anachambula sombe.

— Baba Syntiche, ulisikia mutoto yako leo ku misa?

— Mutoto yangu? Eh! Akifanya mubaya ni wangu. Akipata bapoints ku masomo, ni wako.

— Alikuuliza nini? Bantu ba banc ya mbele bote baligeuka.

— Aliniuliza: papa, mon père mwenye anasoma misa hana bibi, sasa nani anamupikiaka bukari, ugali yake?

— Na weye?

— Nikamuambia: Mungu.

— Yezu!

— Akaniambia: kumbe Mungu njo boyi ya mon père?

Adolphine alicheka mpaka majani ya sombe ikaanguka chini. Kasonde akafurahi. Kuchekesha bibi yake, njo kazi yenye alikuwa anayua kupita ya kutengeneza bamoto ku garage, na bateja bake bote balikuwa banayua vile.

— Ile ni kidogo, Adolphine akasema. Ariel, mudogo yake, jana alinikamata vizuri. Mama, mulisema batoto banabauzaka ku hôpital. Sasa mbuzi ya papa Ngosa ilizalaje hapa hapa ku parcelle, bila hata infirmier?

— Ukajibu nini?

— Nikamutuma chumvi.

— Chumvi iko!

— Nayua iko. Ungejibu weye?

Ku nyumba yabo chumvi ilikuwa mingi kupita ya kula. Kila pakiti pale ku étagère ya jikoni ilikuwa ulizo moja yenye balikimbia. Kama ungezipanga vizuri ungepata cours nzima, na biologie ndani, na religion.

Kasonde alikuwa bado anacheka peke yake wakati aliona mikono ya Adolphine inasimama.

— Gaëlle naye aliuliza mama yake, Adolphine akasema, pole.

Kicheko ya Kasonde ikakauka ku meno.

Gaëlle, mutoto mudogo, rika moja na Syntiche, alikuwa binti ya Mwansa, jirani yabo, chauffeur ya camion. Mvua ilikuwa bado kuanza wakati camion ya Mwansa ilianguka ku njia ya Kolwezi, na baliirudisha maiti mu pick-up ya bantu bengine. Sasa, kwetu, mutoto wa vile habamuambiake kifo. Haonake maiti, haendake ku malalo. Banamupeleka kwa jirani, banamuambia papa iko safari. Na kwa mutoto ya chauffeur, uongo hii inaingiaka bila kupiga hodi, juu papa yake kila siku iko safari.

Donc siku ya kilio Gaëlle alikuwa hapa, ku nyumba hii hii, na Syntiche. Adolphine njo alikuwa anabachunga. Na Kasonde alikuwa kule ku kilio, ana kazi yake.

Kazi gani? Kasonde ni muntu ya mukowa, ukoo, ya Chui. Mwansa alikuwa ya mukowa ya Mbuzi. Chui na Mbuzi ni banungwe tangu zamani za bankambo: mu maisha banatukanana bila kukasirika, na moja akikufwa, mwingine anakuya ku kilio kuchekesha bantu. Ni haki yake, na ni deni yake pia. Anaweza kukatala sanduku isitoke. Anaweza kusema mufu alikuwa muroho, alikuwa mubaya sura. Anaweza kuvaa manguo yake na kufanya sawa yeye. Bantu banacheka na machozi iko inashuka, na kesho yake kifua inakuwa nyepesi kidogo. Kilio yenye haina munungwe, bazee banasemaka, ni mboga bila chumvi.

Na Kasonde alikuwa munungwe ya kweli. Siku ile mangaribi alivaa koti ya ngozi ya Mwansa, akaweka kofia yake mpaka ku macho, akaanza kutembea na ule muguu ya Mwansa yenye ilikuwa inavuta. Akakohoa kikohozi yake. Akaingia ku parcelle kutoka ku barabara, na sauti ya Mwansa, ile sauti yenye ilikuwa inatangulia camion, akaita bibi ya mufu: «Régine! Régine we! Niko na njala! Bukari iko wapi?» Bantu bakapasuka. Mama muzee Chilufya, mama ya mufu mwenyewe, alicheka mpaka bakamushika. Kasonde akaikala ku kiti ya Mwansa, mugongo ku mulango, akapiga meza: «Bukari! Ao niende nikule fasi ingine!»

Njo pale alisikia mikono mbili midogo ku muguu yake.

Gaëlle alikuwa alitoroka. Alisikia sauti, akakimbia. Alikuwa nyuma ya kiti, anashika suruali, haone sura.

Kama Kasonde angegeuka, byote bingeisha pale. Mutoto angeona ni tonton Kasonde, angelia kidogo, angepewa mandazi. Lakini bantu balikuwa beko banamuangalia, kicheko ilikuwa bado ya moto, na mudomo yake ilikuwa inakimbia mbele yake sawa kila siku. Akasema bila kugeuka, na sauti ile ile: «Gaëlle, enda kulala. Papa atakuletea biskwi.»

Hakuna mwenye alicheka. Adolphine akafika, akabeba mutoto. Mutoto hakulia. Alikuwa na furaha.

— Anaulizaje? Kasonde akauliza sasa. Alikuwa anaangalia sombe, haangalie bibi yake.

— Anauliza juu ya nini siku ile mama yake alimukatalia papa bukari.

— Nini?

— Vile umesikia. Papa alirudia na njala, aliomba, Régine hakumupa, papa akaenda kula fasi ingine. Ulisema weye mwenyewe. Sasa mutoto hasemeshe mama yake. Na hakule. Kila mangaribi anaomba basahani mbili, ya papa na yake, anaikala anaangalia mulango, anasema nitakula na papa. Bukari inakauka, analala. Régine alimupeleka ku dispensaire. Babinti ba pale banasema tumbo iko muzima.

— Ulinifichia hii tangu wakati gani?

— Nilikuwa nangoya Régine akuambie. Leo ku misa aliniambia atakuya.

Na kweli, sombe ilikuwa bado kuisha wakati Régine aliingia. Alikuwa na kikwembe nyeusi ya kilio, amekonda hata yeye. Ku mukono alibeba sahani yenye kufunikwa na ingine. Hakusalimia vizuri. Aliweka sahani mbele ya Kasonde, akafunua. Bukari ya jana, ngumu sawa jiwe, na samaki ndakala mbili zinaangalia mbingu.

— Munungwe, Régine akasema, kula basi. Uliiomba.

Siku ingine Kasonde angejibu. Kwa Mbuzi Chui haikosake neno.

— Régine, mi sikuyua...

— Sikuya kwa kukugombeza. Bazee banasema munungwe habamukasirikiake, basi sikasirike. Nakuya kwa kukuomba kintu kimoja. Uko na sauti yake bado?

— Sauti?

— Pigia telefone yangu. Mangaribi, wakati nitamupikia. Sema uko Kolwezi, camion iliharibika. Sema mama hakukatala kintu. Sema akule. Ni maneno tatu, Kasonde. Weye ni muntu ya maneno.

Kasonde akavuta pumzi. Kusema kweli, ilimuingia. Ilikuwa kintu kyepesi. Alianza hata kusikia sauti inakuya ku koo, na kikohozi yake, na kelele ya moteri nyuma. Angeweza kuweka hata klakson. Mutoto angekula leo leo. Nani angemusemea mubaya?

— Na kesho? Adolphine akauliza.

— Kesho nini?

— Kesho akisema papa apige tena? Na Noël? Siku ya communion? Baba Syntiche, utamupigiaka mpaka siku ya ndoa yake? Ao siku ingine utasema uko Kolwezi, unakufwa?

— Maman Syntiche, Régine akasema, mutoto yako weye anakula.

Adolphine akarudisha macho ku sombe. Syntiche akatokea ku nyumba, akaangalia sahani, akaangalia basura.

— Papa, hii bukari ni ya nani?

Adolphine alifungua mudomo. Ni wazi alitaka kumutuma chumvi. Akaifunga.

— Ni yangu, Kasonde akasema.

Akasimama, akaingia mu chumba, akatosha koti ya ngozi nyuma ya mulango. Ilikuwa yake sasa: kintu yenye munungwe anavaa ku kilio habairudishake. Tangu siku ile hakuivaa hata mara moja. Ilikuwa inanuka bado mazout ya camion na tumbaku. Akabeba kofia, akabeba sahani.

— Utafanya sauti? Régine akauliza.

— Twende.

Ku nyumba ya Régine, Gaëlle alikuwa ku kiti yake, sura ku mulango. Shingo ilikuwa nyembamba mpaka kitwa ilionekana kubwa bule. Kasonde akaweka sahani ku meza, akasimama mbele yake fasi yenye mwangaza. Akavaa koti pole pole, na sura yake wazi. Akaweka kofia. Akatembea kutoka ku mulango mpaka ku meza, muguu inavuta, akarudia, akavuta tena. Hakuna mwenye alicheka. Alikuwa bado hajafanya mchezo mbele ya muntu moja tu mwenye hacheke, na aliona kumbe mchezo ile ni muntu muzima anatembea mubaya mu koti ya mwingine, basi.

— Ni weye, Gaëlle akasema.

— Njo mi.

— Siku ile pia?

— Siku ile pia. Papa hakukuya, Gaëlle. Ilikuwa mi.

— Basi papa iko Kolwezi.

Régine akashika mukono ya Kasonde. Kwa kumuzuia ao kwa kujishika, hata yeye hakuyua. Kasonde akachuchumaa.

— Hapana. Papa alikufwa. Camion ilianguka. Tulimuzika ku malalo. Hatarudia.

Neno ile, mu commune nzima hakuna mwenye alikuwa alimuambia. Ikatoka ku mudomo ya muntu mwenye kila siku anasemaka uongo kwa kuchekesha, na Kasonde akaogopa mutoto atafikiri ni mchezo tena. Lakini Gaëlle alimuangalia sura muda murefu, sawa muntu anaangalia kama mvua itanyesha.

— Bantu balikuwa banacheka, akasema.

— Ndiyo. Njo desturi yetu. Tunachekaka juu inauma.

— Mama hakucheka.

— Hapana. Mama hakucheka.

— Hakumukatalia bukari.

— Papa hakuomba. Ni mi niliomba. Mama hakukatalia muntu.

Gaëlle akageuka, akaangalia mama yake kidogo, akarudisha macho. Kisha akasema na sauti ya chini:

— Fanya tena. Moja tu.

— Fanya nini?

— Sauti. Nayua ni weye. Fanya tu.

Régine akaachilia mukono ya Kasonde, akageukia ukuta. Kasonde akafungua mudomo. Sauti yenye ilikuwa inakuya kila mara bila kuitwa, ku kabare, ku garage, ku kilio, sasa aliitafuta. Akakohoa kikohozi ile. Akasema: «Gaëlle...» Ikatoka sauti ya Kasonde mwenyewe.

— Haina ile ya papa, mutoto akasema.

— Haina ile, Kasonde akaitika.

Gaëlle akashuka ku kiti. Akachukua sahani ya bukari ya jana, akaisukuma ku meza mbele ya Kasonde, na mikono mbili, vile banamufundisha kupatia mukubwa.

— Basi kula. Si njo weye uliomba.

Kasonde akaikala. Ilikuwa kiti ya Mwansa. Hakukuwa kiti ingine ya mukubwa. Akavunja bukari. Ilikatala kuvunjika, akaivunja tena. Ilikuwa baridi na chungu kidogo, na mifupa ya ndakala ilimuchoma ku ufizi. Alikula. Hakuomba mai. Gaëlle alisimama pembeni, anaangalia kila finyo ya bukari inaenda ku mudomo, anangoya ishuke, anangoya ingine. Mu koti ya ngozi jasho ilikuwa inamushuka Kasonde ku mugongo, lakini hakuitosha.

Wakati sahani ilibaki tupu, mutoto aliichukua, akaangalia ndani, akaipelekea mama yake.

— Usimuwekee papa tena, akasema.

Ilikuwa neno ya kwanza kumusemesha tangu wiki mingi. Régine akakamata sahani na akabaki nayo ku kifua, hayue kuiweka wapi. Kisha akainama ku mbabula ya makala, akasonga bukari ya leo, ya moto, kidogo tu, akaiweka mbele ya mutoto.

Gaëlle akakokota kiti yake, akaigeuza. Akaikala mugongo ku mulango, akanawa mikono, akaanza kula.

Kasonde akapita nyuma yake pole pole. Muguu yake moja, bila yeye kuitaka, ilikuwa inavuta.